Fundi wa Mto wa Mbao

Katika yadi ya idara ya barabara pale Mbeya tulikuwa na mtu aliyejenga madaraja ambayo hakuna aliyewahi kuyavuka. Yalikuwa na urefu wa mkono tu. Aliyajenga kwa vijiti vya mianzi, mbao za masanduku ya chai na udongo wa kichuguu, kisha akayamwagia maji, akayatundikia mifuko ya mchanga, akayapuliza kwa mivukuto ya mhunzi mpaka yavunjike. Yakishavunjika aliandika kwenye daftari lake, akafagia vipande, akaanza mengine. Watu walimwita Fundi wa Mifano. Mimi nilimwita Fundi tu, na ndivyo nitakavyomwita hapa, kwa sababu jina la kwao sikuwahi kumwuliza, naye hakuwahi kulitaja.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa mjane wa miaka thelathini hivi, nimetoka kwetu Ilula, Uhehe, na binti yangu mdogo Yusta, kumfuata kaka yangu aliyekuwa dereva wa lori la kokoto. Kaka alinitafutia kazi palepale yadi: kufagia ofisi na kuchota maji. Siku ya tatu karani mkuu akaniita.

"Wewe wa maji, nenda banda la nyuma. Yule mtu wa mifano anataka ndoo."

Nikadhani anataka kunawa. Nikajitwika ndoo moja, nikaenda. Nilimkuta mtu mrefu, mwembamba, mwenye kaptula ya kaki na penseli nyuma ya sikio, ameinamia hori refu la mbao lililopakwa lami ndani. Hori lile lilikuwa na urefu wa hatua kumi, na ndani yake kulikuwa na mto. Sikosei ninaposema mto. Ulikuwa na kingo zake, kona zake, mawe yake, na hata miti ya kando aliyoichomeka kwa majani ya mkangazi. Akaitazama ndoo yangu.

"Moja?" akasema. "Mama, hayo ni manyunyu. Mimi nataka masika."

Kuanzia siku hiyo nilikuwa mvua yake. Nilipanda juu ya benchi, nikamimina maji kwenye pipa lililokuwa kichwani mwa hori, na yeye akavuta kibao kilichoziba tundu, mto ukaanza kutembea. Yeye alikaa na saa ya mfukoni mkononi. "Mimina," aliniambia. "Ngoja. Mimina tena." Kila ndoo ilikuwa na maana yake. Ndoo tano ilikuwa mvua ya kawaida ya mwezi wa tatu. Ndoo tisa ilikuwa mwaka wa mafuriko. Mara chache aliomba zaidi ya hapo.

Alinifundisha kutazama. Mtu akitazama mto wa kweli wakati wa mafuriko, alisema, haoni kitu, anaona matope na hofu. Kwenye hori unaona maji yanavyofika kwenye nguzo ya daraja, yanavyogawanyika, yanavyozama mbele ya nguzo na kuchimba mchanga chini yake polepole, kama panya. Nguzo haisukumwi na maji, alisema. Inachimbiwa kaburi, halafu inaingia yenyewe.

Mchanga ndio uliomnyima raha. "Mto naweza kuupunguza," aliniambia. "Daraja naweza kulipunguza. Chembe ya mchanga nitaipunguzaje?" Kwa kuwa mchanga wa kawaida ndani ya mto mdogo unakuwa mzito kama mawe, maji madogo hayawezi kuubeba kama mto wa kweli unavyoubeba wake. Akajaribu unga wa mbao, ukaelea. Akajaribu pumba za mahindi, zikavimba na kunuka. Mwisho akanikuta nje ya banda nasugua nyayo zangu kwa lile jiwe jeupe jepesi linaloelea majini, ambalo kule Mbeya unaliokota popote. Akanipokonya mkononi, hakuomba. Siku nzima alikuwa anatwanga mawe yale kwenye kinu na kuchekecha. Yalipoingia kwenye hori na maji yakapita juu yake, vumbi lile jeupe lilitambaa chini kama mchanga wa mto hasa. Alinigeukia uso mzima ukicheka. Nafikiri ni mara mbili tu nilimwona hivyo.

Kesho yake alinirudishia jiwe lingine, kubwa kuliko langu, amelifunga kwenye gazeti.

Alikuwa na maneno yake, na kwa kuwa alizungumza kidogo, yalinikaa. La kwanza: "Usiuulize mfano kitu ambacho hukuuwekea." Maana yake, kama hukuweka upepo, usiuulize habari za upepo. La pili aliniambia nilipomwuliza kama anaviamini kweli vitu vyake vile vya mianzi. "Mfano wangu ni mwongo, Mama Yusta. Lakini ni mwongo ninayemjua. Najua anadanganya wapi."

Watu wa nje walianza kumjia. Walikuja ndugu wawili kutoka Ubaruku, wakulima wa mpunga, waliopanda lori la kaka yangu bila kusemezana njia nzima. Mfereji wao ulikuwa mmoja. Kaka mtu alikuwa juu, mdogo mtu chini, na maji yalikuwa hayafiki chini. Mdogo alikuwa na kovu bichi kwenye paji la uso.

Fundi hakuwauliza nani ana haki. Aliwatuma warudi wakalete udongo wa mfereji wao, magunia matatu, kila moja kutoka sehemu yake. Walirudi baada ya wiki mbili. Akaufinyanga mfereji palepale uani, udongo wa juu ukakaa juu, wa katikati katikati, wa chini chini, kisha akamwambia kaka mtu amimine yeye mwenyewe. Maji yakaenda vizuri, yakafika kwenye kona ya katikati, yakapotea. Yalinywewa na ardhi mbele ya macho yetu. Kona ile ilikuwa kichanga kitupu.

Mdogo mtu akachuchumaa, akaigusa ile kona kwa kidole.

"Kumbe kaka hukunizibia maji."

"Si nilikwambia?"

"Uliniambia kwa mpini wa jembe."

Fundi akawaambia waisiribe kona ile kwa udongo wa mfinyanzi, upana wa hatua fulani na kina fulani. Waliondoka wakibishana nani atauchimba, lakini walibishana kama ndugu. Msimu uliofuata walituletea mchele. Fundi aliugawa wote kwa watu wa yadi, akabaki na kikombe kimoja. Alisema mtu mmoja hapiki zaidi ya kikombe.

Wazee wa kanisa wa Kilutheri nao walikuja, kutoka upande wa Iringa, wakitaka paa la vigae badala ya nyasi. Fundi alitengeneza kanisa lao kwa mianzi, zuri, na mnara wake mdogo, hata mmoja wao akataka kulinunua alipeleke nyumbani. Halafu akaanza kulitundikia vifuko vya mchanga, kimoja kimoja, kuwa ndio uzito wa vigae. Kwenye kifuko cha kumi na saba kuta zikafunguka kama mtu anayechoka kusimama, paa likakaa chini.

Mzee mmoja akavua kofia. "Fundi, umevunja nyumba ya Mungu."

"Nimevunja mianzi, Mzee wangu. Nyumba ya Mungu bado hamjaijenga. Wekeni mti hapa, ukutani hadi ukutani, ushike pande zote mbili."

Waliuweka ule mti. Walipofungua kanisa walimwalika, na hakwenda. Nilimwuliza kwa nini. Akasema amekwisha kuliona.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alijua kila kitu kingevunjikia wapi, lakini nyumbani kwake palikuwa aibu. Alikaa chumba cha pili kutoka chetu, na paa lake lilivuja juu ya kitanda. Miaka yote ile aliweka beseni na kusogeza kitanda. Kaka alipomwambia atampandia amzibie, alisema, "Ngoja kwanza, bado naangalia linavyovuja." Alikuwa na kiti kimoja. Mgeni akiingia, yeye alisimama. Kwa hiyo wageni hawakukaa sana, maana nani atakaa na kustarehe huku mwenye nyumba amesimama ukutani kama askari?

Tena, yeye aliyejenga madaraja, hakuweza kupita juu ya daraja ndani ya gari. Lori likifika mtoni aligonga paa la dereva, akashuka, akavuka kwa miguu peke yake, ametazama chini, na kupanda tena upande wa pili. Vibarua walimcheka. Kaka alisema, "Bwana huyu ni kama daktari anayeogopa damu."

Sikukuu za Idi nilimpelekea wali kwa sababu majirani Waislamu walitupatia mwingi, na Krismasi nilimpelekea kuku, kwa sababu ni sikukuu yetu. Alipokea yote kwa mikono miwili na kunishukuru, na hadi leo sijui yeye alikuwa wa dini ipi. Kila asubuhi alinisalimia kwa Kihehe, "Kamwene," neno alilojifunza kwangu, na alilitamka vibaya. Mchana alikula peke yake bandani, mgongo mlangoni. Aliongea na mto wake. Nilimsikia: "Unakwenda wapi sasa? Hapo? Haya, nenda nikuone."

Nilipougua homa, siku nne sikwenda kazini. Kila jioni Yusta alikuta sufuria ya uji mlangoni, bado ya moto, imefunikwa sahani. Hakubisha hodi hata mara moja. Siku ya tano nilipokwenda yadi nikamwambia ahsante. Akasema, "Ya nini?" akaendelea kuchonga.

Basi kaka yangu, ambaye hakupenda mambo ya kuzungukazunguka, akamwendea. Alinisimulia baadaye. Alimwambia, "Fundi, dada yangu ni mjane, ni mtu wa heshima, na wewe huna mtu. Unaonaje?" Fundi akasema, "Nipe nafasi nifikiri." Kaka alirudi amekasirika kidogo na kucheka kidogo. Mimi sikukasirika. Nilimjua. Nilijua kwamba ndani ya kichwa chake alikuwa anajenga nyumba ile ndogo yenye watu watatu na kuitundikia vifuko kimoja kimoja. Nikasubiri. Alifikiri miezi minane, na alikuwa bado anafikiri lilipokuja daraja.

Lilikuwa daraja la barabara ya kwenda Usangu. Sitautaja mto wenyewe. Bwana Injinia, Mwingereza mmoja kijana, mchapakazi, alikuwa amelichora lenye nguzo moja ya zege katikati. Hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyempa Fundi lile banda, na mara nyingi alikuja na kikombe chake cha chai kutazama hori. Alimpa michoro akasema, kwa Kiswahili chake cha vitabuni, "Fundi, nitazamie nguzo hii."

Fundi hakuanza kujenga. Alikwenda kwanza mtoni, akakaa siku sita. Aliporudi aliniambia amekutana na bibi mmoja wa Kisangu ambaye nyumba yake imekuwa pale tangu alipoolewa. Ofisini kulikuwa na daftari la kimo cha maji, lakini lilikuwa la miaka michache tu. Bibi yule alimpeleka mbali na ukingo, akamwonyesha jiwe, akamwambia, "Maji yalifika hapa. Ghala letu liliondoka na mbuzi ndani. Nilikuwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza." Fundi akapima kutoka kwenye jiwe lile.

"Daftari la Bwana ni ndoo tisa," akaniambia. "Bibi yule ni ndoo kumi na nne."

Tulijaribu kwa ndoo tisa, mara tatu. Nguzo ilisimama. Kisha jioni moja, watu wamekwisha kuondoka yadi, tukajaribu kwa kumi na nne. Nilizihesabu kwa sauti, kama alivyotaka. Moja, mbili. Kwenye ya kumi na moja vumbi jeupe lilianza kutoka mbele ya nguzo, upande wa kushoto, pale maji yalipotoka kwenye kona. Kwenye ya kumi na tatu palikuwa na shimo linaloingia ngumi. Ya kumi na nne, nguzo ikainama. Haikuanguka. Iliinama taratibu na kubaki hivyo, na lile daraja dogo likapinda juu yake.

Fundi hakugusa kitu. "Liache hivyohivyo," alisema. "Bwana alione asubuhi."

Asubuhi Bwana Injinia alikuja pamoja na karani mkuu. Karani huyu hakumpenda Fundi. Alisema waziwazi kwamba mtu mzima anayelipwa mshahara kuchezea matope ni aibu. Bwana Injinia aliitazama nguzo muda mrefu. Uso wake ulibadilika rangi. Lazima niseme kwamba wakati huo saruji ilikuwa imekwisha kufika, vibarua wameajiriwa, mawe yamepasuliwa, na mvua zilikuwa karibu.

"Ndoo ngapi?" akauliza.

"Kumi na nne, Bwana."

Karani mkuu akacheka. "Nani alihesabu? Mtu akimwaga maji mpaka kitu kianguke, kitaanguka. Hata ofisi hii itaanguka."

Bwana Injinia akanigeukia mimi. Sikutegemea. Katika miaka yote ile hakuwahi kunisemesha zaidi ya salamu.

"Wewe ndiye uliyemimina. Zilikuwa ndoo ngapi?"

Karani mkuu alikuwa nyuma ya bega lake, ananitazama. Yeye ndiye aliyeandika majina ya watu wa kazi, na yeye ndiye aliyeyafuta. Nilimwona Yusta kwenye darasa lake. Nilimwona kaka yangu kwenye lori lake. Nikatazama miguu yangu.

"Sikumbuki, Bwana."

Nilimsikia Fundi akivuta pumzi, kidogo tu. Kisha akasema kwa upole, "Turudie, Bwana. Tukaushe vumbi, tujaze upya. Siku nne."

"Hakuna siku nne," Bwana Injinia akasema, akatoka nje haraka kama mtu aliyefunguliwa mlango. Baadaye aliandika barua kwamba jaribio halikuaminika. Karani mkuu aliisoma kwa sauti ofisini, nikiwa nafagia.

Wiki ileile walikuja mafundi wa zege, wakatafuta mbao za kufungia zege la nguzo, wakaambiwa wachukue za hori. Walilibomoa mchana mmoja. Mbao zenye lami zilikuwa nzuri kwa kazi hiyo, hazivuji. Fundi aliwasaidia kung'oa misumari, kwa sababu walikuwa wanazipasua. Mimi nilisimama mlangoni na ndoo tupu. Nilitaka kumwambia. Nilisema, "Fundi," akaniitikia, "Naam, Mama Yusta," kwa sauti ileile ya siku zote, nikashindwa.

Daraja likajengwa. Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa, na lilisimama. Za mwaka uliofuata zilikuwa kubwa zaidi, watu wa bondeni walihama, na daraja likasimama. Vibarua wakirudi kutoka Usangu walimpigia kelele kupitia dirishani, "Fundi! Nguzo yako bado haijainama?" Yeye alikuwa amewekwa kutengeneza milango na mipini ya sururu. Hakujibu. Habari ya kaka yangu na kufikiri kwake haikutajwa tena na mtu yeyote. Aliacha kunisalimia kwa Kihehe. Alisema "Habari za asubuhi," kama wanavyosalimiana watu wa ofisini.

Alihama siku ya Jumamosi. Nilirudi kutoka sokoni nikakuta chumba chake kimefagiliwa, kiti kiko mlangoni kwetu. Majirani walisema amepanda basi la Iringa.

Sikujua alifikiri nini wakati ule, lakini nilijua mimi nilifikiri nini. Nilifikiri kwamba alikosea. Niliona afadhali. Kama alikosea, basi uongo wangu haukuharibu kitu, na ndoo kumi na nne au arobaini ni mamoja. Nilikaa na wazo hilo kama miaka mitatu, na lilinifaa.

Aliyeniondolea wazo hilo ni mnyapara wa zamani wa genge la daraja. Alikuja kwetu kumwona kaka, amestaafu, amekaa anakunywa togwa, na mazungumzo yakafika kwa Bwana Injinia aliyekuwa amerudi kwao Ulaya.

"Yule kijana alikuwa na siri," mnyapara akasema. "Baada ya mvua za kwanza tu, maji yalipopungua, alituchukua Jumapili, watu wanane na lori mbili za mawe makubwa. Akaingia mtoni mwenyewe, maji kiunoni, na fimbo ya kupimia. Akazama, akaibuka. Mbele ya nguzo, upande wa kushoto, shimo. Fimbo iliingia ikapotea. Alitoka mle akitetemeka, na haikuwa baridi. Tulishusha mawe mpaka jua linazama, tukaizungushia nguzo yote. Akatupa kila mtu nyama ya kwenda nayo nyumbani, akasema, 'Hii si habari ya ofisini.' Bila mawe yale, mvua za pili zingeondoka na daraja na yeyote aliye juu yake."

Nilimwuliza, "Upande wa kushoto?"

"Wa kushoto, kwenye kona. Kwa nini?"

Nilitoka nje nikakaa jikoni.

Mwaka ule, ulikuwa wa mwisho mwisho wa ile miaka ya hamsini, mama yangu alifariki Ilula. Nilikwenda kuzika. Wakati wa kurudi nilishuka Iringa mjini, nikaulizia kwa maseremala mmoja baada ya mwingine mtu mrefu asiyesema sana. Wa nne akanionyesha kwa kidole.

Alikuwa anapiga randa mlango, kwenye kibanda kilichofunguka barabarani. Nywele zilikuwa zimeota mvi, na alikuwa amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilitazama kuta. Palikuwa na misumeno, gundi, vipimo. Hapakuwa na kitu kidogo chochote, hata kimoja. Vyote vilikuwa vya ukubwa wake wa kweli: milango, vitanda, jeneza la mtu mzima.

"Mama Yusta," akasema. Akaweka randa chini. "Pole. Umenyoa. Nani?"

"Mama."

Akanipa pole tena, akaniletea kiti, na yeye akasimama. Nikamwambia akae, akageuza sanduku la misumari akakaa. Aliuliza habari za Yusta, nikasema anasoma ualimu. Aliuliza habari za kaka. Kisha nikaona nikingoja zaidi nitaondoka kama nilivyokuja. Nikamwambia yote ya mnyapara. Jumapili ile, fimbo, shimo, lori mbili.

Alisikiliza ametazama sakafu. Nilipomaliza, aliuliza:

"Mawe ya ukubwa gani?"

"Anasema kila moja la watu wawili kubeba."

"Yalizunguka nguzo yote, au mbele tu?"

"Yote."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Alichukua penseli nyuma ya sikio, akainama kama anayetaka kuchora juu ya ule mlango, halafu hakuchora.

"Yanatosha," akasema. Baada ya muda akaongeza, "Kumbe alikuja kutazama." Aliisema kana kwamba hilo, la kijana yule kuzama majini na fimbo, ndilo kubwa kuliko yote niliyomletea. Nilingoja acheke, au alie, au amtukane mtu. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Miaka mitano hivi alikuwa amelala na kuamka akiamini kwamba alikosea.

Akanunua chai kwa mama wa jirani, tukanywa. Wanafunzi wa misheni walipita barabarani wakiimba. Nikaona basi la Mbeya linapakia ng'ambo ya pili, nikasimama, nikashika kifurushi changu. Ndipo nikasema, nikiwa nimesimama, maana nikiwa nimekaa nisingeweza.

"Fundi, zilikuwa kumi na nne. Siku ile nilikumbuka."

"Najua."

"Niliogopa."

"Najua, Mama Yusta. Nilikuwa nakuona." Alichukua kikombe changu, akakiweka juu ya chake. "Ungesema, wangekufukuza."

"Labda."

"Wangekufukuza." Akatazama nje, barabarani, si kwangu. "Tungekuwa wawili."

Sikujua, na hadi leo sijui, kama alikuwa ananisamehe au ananieleza alichokosa. Nilitaka kumwuliza. Utingo alikuwa anapiga ubavu wa basi na kuita watu wa Mbeya, watu wa Mbeya. Fundi alinichukulia kifurushi hadi mlangoni mwa basi, akanipa, akasema nimsalimie Yusta, akageuka. Nilimwona akivuka barabara, akakaa tena kwenye sanduku lake la misumari.

Basi lilipoanza kuteremka kuelekea mtoni utingo alipita akikata tiketi. Aliniuliza nakwenda wapi. Ilibidi aniulize mara ya pili.